Mayai Ishirini na Manne ya Baba

Frenchville, Maine
24 Aprili

Mdogo wangu Rejean,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Oklahoma, wewe na Carole, na kwamba ule mgongo wako umeanza kukuonea huruma. Sisi huku tuko hai. Mama anakula vizuri, analala vibaya, na analalamika kwa nguvu zake zote, kwa hiyo afya yake isikutie wasiwasi. Theluji imebaki nyuma ya ghala tu. Shamba la viazi la mzee Lucien ni tope tupu, na juzi trekta lake lilikwama humo mpaka akatukana kwa Kifaransa na Kiingereza kwa pamoja.

Vifaranga uliowatuma kwa posta walifika Jumanne. Gisele wa posta alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi akasema, "We Noella, njoo uchukue wanao, wananipigia kelele hapa mpaka nakosea kugonga mihuri." Wako ishirini na watano, wote wazima. Mama alichungulia sanduku mara moja, akasema hao ni kuku wa kununua, niwapeleke kwangu. Sasa wako kwenye beseni langu la kuogea chini ya taa, na mimi naoga kwa jirani. Asante, ingawa sikukuomba na Mama hakukushukuru.

Barua yako nayo nimeipata. Unasema hutakuja tarehe kumi Mei, siku ambayo ardhi iliyoganda kwa baridi itakuwa imelainika na Baba atatolewa kwenye kile chumba cha mawe cha makaburini, alikolala tangu Januari, azikwe kama watu. Unasema umeshamuua mara moja, na huwezi kusimama kando ya kaburi lake huku Mama akikutazama. Niliisoma sentensi hiyo, nikaitia barua kwenye droo ya visu, nikaitoa, nikaisoma tena. Nina jambo la kukwambia. Sijui pa kulianzia, kwa hiyo nitalianza mwanzo.

Kicheche alipoingia bandani mwezi Februari, nilikueleza kwa simu kwamba aliua wote, majike kumi na tisa na jogoo. Sikukueleza habari ya Mama. Kwenye ibada ya kumuaga Baba hakutoa chozi, unajua alivyo. Lakini asubuhi ile alikaa juu ya ndoo katikati ya manyoya akalia mpaka nikaogopa. Wale kuku weusi Baba aliwarithi kwa babu, na kwa miaka arobaini hakuruhusu damu ya nje iingie. Kisha Mama akajipangusa, akasema, "Tuna mayai." Kwenye rafu ya jikoni kulikuwa na kikapu cha mayai ya wiki ile, ishirini na manne. Kuku wa Baba walikuwa wamebaki humo tu.

Mzee Lucien alituazima mashine yake ya kutotolesha. Tuliiweka mezani, mahali pa Baba pa kulia. Mama aliandika alama kwa penseli, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, akawa anayageuza mara tatu kwa siku, anaongeza maji, anasoma kipimajoto kila akipita. Alikuwa akiyasemesha: "Amkeni wavivu nyie, mzee wenu hakuwa mtu wa kulala." Alianza hata kukaanga tena ploye, chapati zetu ambazo hakuzigusa tangu msiba. Mimi nilipita kwake nikitoka kazini nikakuta nyumba inanukia chakula, nikashukuru.

Halafu ukaja wewe, miezi miwili baada ya ibada, siku ya kumi na tisa ya mayai. Sote tumelelewa tukijua kwamba ikifika siku ya kumi na nane mayai hayageuzwi tena na mfuniko haufunguliwi, maana unyevu ukitoka, ngozi ya ndani hukauka na kumbana kifaranga afie humo humo. Mama alikuwa ameubandikia mfuniko karatasi: "Atakayefungua nitamkata mkono." Wewe ukafungua. Sisi tulikuwa nje tunapanga kuni, na tuliporudi tulikukuta umeuinua mfuniko, umeinamisha sikio, machozi yanakutoka. Ukasema umesikia mmoja analia ndani ya yai. Ukaapa. Mama alikunyang'anya mfuniko akaufunika.

Siku ya ishirini na moja ikapita, na ya ishirini na mbili, na ya ishirini na tatu. Ndipo Mama akakwambia yale maneno, kwamba hukuja kumuaga baba yako, na sasa umekuja kumuua mara ya pili. Uliondoka kesho yake kabla ya kahawa. Tangu hapo hapokei simu yako, nami nimesimama pembeni ya simu hiyo nikiitazama ikiita.

Rejean, hukusikia kifaranga. Hakuna aliyeweza kusikia kifaranga mle ndani. Siku ya saba, Mama alipokuwa kwa daktari wa macho, nilijifungia stoo na tochi nikayapima mayai moja moja. Siku ya saba ungetakiwa kuona mishipa imetanda na doa jeusi linalochezacheza. Niliona mwanga mtupu, yai baada ya yai, yote ishirini na manne. Hayakuwa na mbegu. Niliyarudisha, upande wa msalaba juu kama alivyoyaacha, na sikusema. Nilijiambia namwachia Mama wiki mbili za furaha. Lakini ulipofungua ule mfuniko, mdogo wangu, nilifurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimebeba vyombo vya haja vya Baba mwezi mzima kabla hajalazwa, nimechagua suti yake, nimesimama kanisani peke yangu na Mama, na wewe ulipiga simu kusema barabara ina barafu. Nikaona basi, na wewe beba kitu.

Na si hilo tu. Unajua kwa nini hayakuwa na mbegu? Baba alikuwa na desturi ya kumpaka jogoo vaselini kwenye kilemba chekundu cha kichwani kila baridi inapokaza, maana jogoo akiungua kilemba kwa baridi hapandi, na hata akipanda mbegu yake haifai mpaka apone. Alipolazwa, kila jioni aliniuliza kwa simu kama nimempaka. Hakuniuliza nimekula, hakuniuliza nimelala. Jogoo tu. Wiki ile ya nyuzi thelathini chini ya sifuri nilikuwa nimechoka na nimechukia, nikamjibu nimempaka, na nilikuwa nimekaa na kahawa yangu, buti ziko mlangoni. Siku mbili baadaye ncha za kilemba zilikuwa nyeusi. Baba alikufa akiamini nimempaka.

Jumapili iliyopita, baada ya barua yako, nilimwambia Mama yote haya. Alikuwa anamenya viazi. Nilitegemea anirushie kisu. Aliendelea kumenya, akasema, "Najua." Alisema na yeye aliyapima, siku ya kumi, mimi nilipokuwa kazini, kwenye stoo ile ile. Kwa hiyo siku zile zote tulikuwa wanawake wawili tunayageuza mayai matupu, kila mmoja akimficha mwenzake. Ndiyo maana aliniambia niyafukie bila kuyapasua hata moja.

Nikamuuliza kwa nini basi alikwambia vile. Akasema, "Ningemwambia nini? Kwamba hakuja baba yake alipokuwa anamwita? Hilo ningelianza nisingelimaliza. Mayai yalikuwa karibu." Nikamwambia nitakuandikia. Akanikataza. Alisema, "Muache. Nataka nione kama atakuja kwa baba yake hata akijua nimemchukia. Ukimwambia hana kosa, akija nitajuaje amemjia nani?" Kisha akaniomba nimpe sufuria.

Sasa nimekwambia, na mtihani wake nimeuharibu. Akijua atakasirika, na safari hii atanikasirikia mimi, jambo ambalo ni haki. Sikuombi unisamehe, sijafika huko. Baba alikuita kweli, Rejean, usiku wa siku mbili mfululizo, na hilo sikuwahi kukwambia kwa sababu sikutaka upate hata faraja hiyo. Kama hutakuja, iwe ni kwa sababu yako mwenyewe, sababu unayoweza kuitaja. Usikae huko Oklahoma ukisema ni kwa ajili ya mayai. Mle ndani hakukuwa na kitu cha kuua.

Msalimie Carole. Mzee Lucien anakusalimu na anauliza kama bado unaogopa trekta. Mama hajakutumia salamu, nami sitamtungia.

Ni mimi dada yako,
Noella