Dakika Ishirini za Saa Yetu ya Ukutani

Baba mpendwa,

Mwende amejua kusoma saa. Nilidhani siku ya kukuandikia habari hii ningekuwa na furaha.

Unakumbuka ulivyonifundisha mimi? Ulikata duara kwenye katoni ya sabuni, ukachora namba kwa biki, ukashikiza mishale miwili ya bati uliyotoa kwenye meza yako ya kutengenezea saa kule River Road. "Huyu mfupi ni mzee, hana haraka," ulisema. "Huyu mrefu ni kijana wa mjini, kutwa kuzunguka. Msalimie mzee kwanza." Nilipomwona mzee kwenye saba asubuhi nikasema ni saa saba, ulicheka. "Saa saba na chai bado? Angalia ng'ambo yake." Ng'ambo ya saba kuna moja. Sikukosea tena.

Ile saa ya ukutani hapa Kangemi uliiweka mbele dakika ishirini ili tusichelewe shule. Mama Kevo wa mlango wa pili alikuwa akikuchokoza, "Fundi, umetengeneza saa za mji mzima, yako ndiyo imekushinda?" Nawe ukamjibu, "Hiyo si ya kusoma, ni ya kuamsha watu." Ulipochelewa jioni na Mwende akaanza kulia mlangoni, Mama alikuwa akimwambia, "Hiyo saa inakimbia. Baba yako bado ana dakika ishirini." Na kweli, kabla hazijaisha tulikuwa tukisikia kikohozi chako kwenye ngazi.

Kikohozi hicho ndicho kilichokuchukua. Mwende alikuwa na miaka minne. Tulipokwenda Machakos kukuzika, aliachwa kwa Mama Kevo, na watu wazima wakakubaliana aambiwe umesafiri. Mimi sikuulizwa. Lakini aliponiuliza, nami nilisema umesafiri.

Mwaka huu mwalimu wake wa nasari alisema kila mtoto ajue saa kabla ya kuingia darasa la kwanza. Mama huenda Kilimani kufua nguo za watu na hurudi amechoka, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nikatoa duara lako la katoni chini ya kitanda. Kwa wiki tatu, nikimwambia aonyeshe saa yoyote, alimweka mzee chini kabisa na kijana juu kabisa.

"Nimesema saa nne, Mwende."

"Saa nne siijui. Hii ndiyo najua. Hii ni ya Baba."

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, saa uliyokuwa ukirudi nyumbani.

Sasa anazijua zote. Jumanne aliinua macho ukutani akahesabu kwa vidole. "Saa kumi na mbili kamili. Toa ishirini. Kumi na moja na dakika arobaini." Akaenda kusimama mlangoni. "Baba bado." Dakika hizo zilipokwisha, hakulia. Aligeuka akaniambia kama mtu mzima, "Leo kuna jam ya magari njiani, Westi." Nimekuwa mwalimu mzuri, Baba. Nimemfundisha kukungoja bila kukosea hata dakika moja.

Jana nilipanda kwenye stuli nikairekebisha ile saa. Niliwaza kwamba dakika hizo zikiondoka, labda na kungoja kutaisha. Mwende alinishika miguu nisianguke. Mshale mrefu ulipokuwa ukirudi nyuma, aliniuliza, "Unamwongezea Baba dakika?" Nilipotazama chini alikuwa anatabasamu. Nilibaki juu ya stuli muda mrefu. Sikujua nishuke niende wapi.

Mama aliporudi nilimwambia ni lazima mtoto aambiwe. Aliendelea kumenya viazi.

"Akifunga shule," alisema.

"Mama, tulisema hivyo Aprili."

Alimenya kiazi kingine. "Basi mwambie wewe. Mimi sina huo mdomo."

Nitamwambia Jumamosi. Kila nikipanga maneno yanakimbia. Wewe ulikuwa na maneno hata ya vipande viwili vya bati. Mimi nina alama nzuri za insha na sijui sentensi ya kwanza. Naogopa atanichukia, kwa sababu nilimdanganya na bado nikamfundisha kuhesabu. Naogopa pia kwamba nikishasema, hata mimi sitakuwa na mtu wa kungoja, maana, Baba, ikifika saa kumi na mbili, nami husikiliza ngazi.

Lakini mwaka mzima nimekuwa nikilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa, ili asinisikie. Baada ya Jumamosi labda tutalia sisi wawili mahali pamoja. Hilo tu ndilo ninalolitumaini, na nimelishika.

Pumzika, Baba. Hujachelewa.

Mimi binti yako mkubwa,
niliyemsalimia mzee kwanza