Kaseti Iendayo Tunduru

Nyumbani kwa Mzee Mansuetus,
Mkumbi,
S.L.P. 47,
Mbinga.

3 Julai, 1997

Mpendwa kaka yangu Erasmo,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Tunduru, na kwamba yale mashimo ya mawe ya vito bado hayajakuchosha kabisa. Kifua kinasemaje? Mara ya mwisho ulisema vumbi linakukaba. Kama bado unakohoa nenda ukapimwe, usitegemee mizizi ya wachimbaji wenzako.

Huku nyumbani baridi ya mwaka huu ni kali. Mama hajambo, ila magoti. Akiinuka asubuhi lazima ashike ukuta kwanza, halafu atukane kidogo, ndipo atembee. Mahindi ya kwenye ngolo, mashimo yetu ya mteremkoni, tumekwisha vuna. Kahawa imeiva vizuri upande wa bondeni, na baba mdogo Bernadi na mkewe wanatusaidia kuchuma. Wanunuzi wa watu binafsi wanafika na magari yao hadi mlangoni, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu, na pale kwenye ushirika limebaki bango tu.

Kaka, hayo nimeyatanguliza kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuandika. Sasa kama uko na wenzako, jitenge, ukae chini. Mkeo Asteria yuko hatarini pamoja na mtoto aliye tumboni, na aliyewafikisha hapo ni mimi.

Nianzie Kwaresima ya mwaka jana. Nilikuandikia kwamba mtoto wenu wa kwanza alikufa kwa sababu Asteria alichelewa nyumbani, akakaa na uchungu bila kuja kwenye kituo chetu cha afya, na kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Nilikudanganya. Asteria alikuja. Alifika saa nne asubuhi, ametembea mwenyewe kilima chote, na mimi ndiye muuguzi niliyekuwa zamu.

Unakumbuka wakati ule tulikuwa tumeanza kuambiwa kila mama mjamzito aje na glavu zake, wembe na pamba, maana kituo hakina kitu. Asteria alikuja na kanga mbili tu. Foleni ilikuwa ndefu na wanawake wote walijua yule ni wifi yangu. Nikaogopa kuonekana napendelea ndugu. Basi nikamwongelesha kwa ukali kuliko wengine, ili watu waone. Nilimwambia hivi: "Mimba uliitafuta mwenyewe, glavu unataka nikutafutie mimi? Nenda nyumbani, urudi na vitu vyako, na kilio chako ukiache huko huko."

Akaondoka. Sikumwona tena hadi nilipoitwa jioni msibani.

Ulipokuja Novemba ukamsema mbele yetu kwamba mtoto alikufa kwa uvivu wake wa kutembea, mimi nilikuwepo, nasonga ugali. Unajua mdomo wangu, kaka, kila siku mnanitania kwamba nilizaliwa nikibishana na mkunga. Siku ile sikuufungua. Niliendelea kusonga hadi ugali ukawa kama jiwe, na wewe ukausifia.

Labda ningenyamaza hadi kaburini. Lakini mwezi wa tano tuliitwa wauguzi na waganga wasaidizi kumi na wanne kwenye semina mjini Mbinga, ukumbi wa parokia, wiki mbili, ya namna ya kuongea na wagonjwa. Nilikwenda kwa ajili ya posho, nisikufiche. Nikasema, nimeongea tangu nina mwaka mmoja, leo nifundishwe kuongea?

Mwalimu wetu ni mzee mmoja muuguzi mstaafu, Bwana Urbani, mpole hadi anaudhi. Hakugusa ubao. Alisema mtoto wa ziwani hafundishwi kuogelea akiwa amekaa mchangani, kwa hiyo na sisi tutaingia majini. Kila siku ilikuwa kuigiza. Mmoja anakuwa mgonjwa, mmoja muuguzi, waliobaki wanatazama, halafu mnabadilishana. Kwenye meza aliweka redio kaseti, akabonyeza kurekodi, na baada ya muda unaisahau kama unavyosahau saa ya ukutani.

Siku ya tatu ilikuwa zamu yangu. Mgonjwa wangu alikuwa Joakim, mganga msaidizi wa kijiji cha Ruanda hapa hapa Mbinga, jitu la miraba minne lenye ndevu. Tukamfunga kanga, tukamwekea mto tumboni, watu wakacheka hadi machozi. Bwana Urbani hakunipa maneno. Aliniambia tu huyu mama amekuja na uchungu, hana vifaa, na wewe fanya kama unavyofanya siku ya foleni ndefu. Nikafanya.

Kisha akarudisha kaseti nyuma, tukasikiliza. Mwanzoni unasikia kicheko cha wenzangu. Baadaye hakuna anayecheka, ninabaki mimi peke yangu. Nikadhani ni mtu mwingine, kaka. Ni sauti ya shangazi Eunice akifukuza kuku kwenye mahindi. Ila maneno yalikuwa yangu, yale yale niliyomwambia Asteria, neno kwa neno, na sikuwa nimeyapanga. Kumbe ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wote.

Bwana Urbani hakunigombeza. Hata hakunitazama. Alimgeukia Joakim, ambaye bado alikuwa na kanga na mto wake, akamwuliza taratibu:

"Mama, umeambiwa nini?"

Joakim akajibu akiangalia chini:

"Nimeambiwa nisirudi."

Nikabisha, unanijua. Nikasema nimemwambia arudi na vifaa, kaseti ipo. Tukairudisha, tukasikiliza tena. Ni kweli, neno hilo la kurudi lipo. Joakim akasema hakulisikia. Na hapo hapo, mbele ya watu wote, nikajua sasa Asteria alisikia nini.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na nimekuwa nikiwaambia wengine methali hiyo miaka yote.

Cheti nilipewa. Mama amekibandika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, na kila mgeni anaonyeshwa. Kila nikikiona natamani kukichana.

Niliporudi nilikwenda kwa Asteria siku ya pili yake. Nilivaa sare, nikabeba kadi ya kliniki, nikakaa kama tulivyofundishwa, bila meza katikati. Nikasema, "Mama, naelewa unavyojisikia." Asteria akasema:

"Tangu lini mimi ni mama kwako, wifi? Yale ya mwaka jana yalikuwa maneno yako, nilikujua. Haya ni ya nani?"

Nikaondoka na kadi yangu.

Nilikaa wiki nzima nikiwaza. Nikarudi bila sare, nimevaa gauni langu la shambani, nikamkuta anapukuchua mahindi. Nikakaa na mimi nikapukuchua. Bwana Urbani alitufanyisha mazoezi ya kunyamaza, dakika mbili tu kwa kutazama saa, na mimi nilishindwa mara tatu. Siku ile kwa Asteria nilinyamaza hadi debe likajaa. Ndipo akaanza kusema mwenyewe.

Kumbe siku ile hakwenda nyumbani. Alizunguka nyuma ya kituo, kwenye ukuta wa jiko la wagonjwa, akakaa chini. Alidhani hasira yangu ni ya mbele za watu, kwamba foleni ikipungua nitatoka na kumwita, kwa kuwa mimi ni wifi yake. Alikaa pale hadi jua likageuka. Alinisikia nikiongea na wenzangu, akanisikia nikicheka. Uchungu ulipozidi akaona aibu kupita tena mlangoni kwangu, akashika njia. Mtoto alitanguliza miguu. Bibi Otilia, mkunga wetu wa pale kijijini, alifanya alichoweza.

Kaka, nilipiga magoti kwenye maganda ya mahindi nikamwomba msamaha. Asteria hana moyo mbaya. Alinishika mkono akasema amenisamehe, lakini kituoni hatakuja, wala kwenye hospitali yoyote. Akaniuliza mimi nilikuandikia nini wakati ule. Nikamwambia ukweli. Hakulia wala hakunifukuza. Alisema tu hivi, na nakuandikia kama alivyosema:

"Mume wangu alisema nilimuua mtoto kwa uvivu wa kutembea. Huyu naye akifa hospitalini, nitaambiwa nimemuua kwa nini?"

Semina ile haikufundisha jibu la swali hilo.

Sasa hali ni hii. Bibi Otilia amempima tumbo, kichwa cha mtoto bado kiko juu, kama cha yule wa kwanza. Mimi mwenyewe Asteria haniruhusu kumgusa. Siku zake zitatimia katikati ya Agosti. Huyu hapaswi kuzaliwa mbali na chumba cha upasuaji, na mimi nasema hivyo kwa kuwa nimewaona wengi. Lakini Asteria amekwisha funga mizigo. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu atashuka kwao, ziwani, ng'ambo ya mlima Tingi, akajifungulie kwa mama yake. Huko atakula usipa, dagaa wao wa ziwani, na atapendwa, lakini miguu ikitangulia tena hakuna wa kumpasua, na njia ya kumpandisha huku juu unaijua. Akishuka, kaka, naona nitakuja kukuandikia barua nyingine ambayo siwezi hata kuifikiria.

Nimemwomba Mama aseme naye, Asteria amekataa kusikia. Nimemtuma katekista, naye amejibiwa kwa heshima akarudi alivyokwenda. Silali, sili, kazini nakosea dozi na wenzangu wananirekebisha. Mtu pekee anayeweza kumzuia Asteria ni yule aliyemlaumu, na huyo ni wewe.

Kuandika barua hakutafaa. Unajua Asteria hajui kusoma. Zako zote nilikuwa namsomea mimi, na baada ya niliyoyafanya ataaminije kwamba ninasoma kilichoandikwa? Anatakiwa akusikie wewe. Kama unaweza kuja, acha mawe na uje leo. Kama huwezi, fanya ninalokuomba.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kaseti. Ni ile ile ya semina. Bwana Urbani alitaka kuifuta aitumie kwa kundi linalofuata, nikamsihi akanipa. Upande wa kwanza ni mimi na Joakim. Isikilize yote, hata kama utataka kuizima, ili ujue mkeo aliambiwa nini na mdogo wako, na ujue kwamba hakuwa mvivu. Upande wa pili ni mtupu. Tafuta redio ya kurekodi hapo Tunduru, kaa peke yako, na umwambie Asteria yaliyo moyoni mwako. Usimhubirie, wala usimwamuru kwenda hospitali kabla hujamwambia kwamba umejua alikuja.

Kaseti naipeleka kwa Florian, dereva wa lori la kahawa. Ameahidi kumkabidhi mkononi dereva wa basi la Tunduru pale Songea. Irudishe kwa njia hiyo hiyo, na ifike kabla ya tarehe ishirini na saba.

Mimi nimejiandaa kwa lolote. Ulinisomesha chuo kwa kahawa yako ili nikasaidie watu, na niliyemfukuza ni wa kwako. Ukisema tangu leo huna mdogo anayeitwa Emerensiana, sitabisha. Ila nikatae baada ya Agosti, kaka. Kwa sasa nitumie kwanza.

Mama anakusalimu sana na anasema ukija umletee dawa ya magoti, ile ya kuchua. Baba mdogo Bernadi anakusalimu. Romanus wa jirani anauliza kama kweli mawe yanaokotwa barabarani. Bibi Otilia anakusalimu na anasema anakuombea. Asteria hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina.

Mungu aliyemfikisha Bikira Maria salama kwa Elizabeti akulinde chini ya ardhi na juu yake, na atufikishe sote Agosti.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata ukinichukia,
Emerensiana.

N.B. Kaseti ikirudi sitaisikiliza. Nitaazima redio ya baba mdogo, nitampelekea Asteria, nitaweka upande wako na kubonyeza. Halafu nitatoka, nitazunguka nyuma ya nyumba, nitakaa chini kwenye ukuta wa jiko, nimngoje aniite.