Tarehe Saba na Moja

Jumatano, tarehe saba na moja, mwezi wa kumi na moja, 1995.

Mvua haijakatika tangu niliposhuka kwenye lori. Kitenge changu cha kutokea kimelowa matope mpaka magotini, nimekianika juu ya mlango na najua hakitakauka. Moyo nao uko hivyo hivyo.

Leo nilikwenda Mpanda mjini kuapa. Sikuapa.

Nianze na habari ya safari kwanza, maana nikianza na ya mahakamani nitalia, na daftari lenyewe limebaki kurasa chache.

Mwanangu Yasinta ananiita niende Nyuzilandi. Alisomea uuguzi, akaolewa na yule mzungu aliyekuja kuchimba visima huku kwetu kwenye makazi ya wakimbizi, wakaondoka, sasa ni mwaka wa nne. Anasema ni likizo. Kaandika, mama njoo upumzike, tukuzungushe, uone milima yenye theluji na kondoo wengi kuliko watu. Tiketi mkwe kaishaitoa, ya tarehe mbili Desemba. Nitapanda treni hapa Mpanda mpaka Tabora, Tabora mpaka Dar, halafu ndege tatu, ukitoka hii unaingia ile, karibu siku mbili. Mimi ambaye maji makubwa niliyowahi kuyaona ni ya ziwa pale Ikola, na siku hiyo nilisimama mbali nimeshika mti.

Nchi nzima ni visiwa. Kila upande ukienda unakutana na maji. Nikimaliza kusali naliwaza hilo, naanza kusali upya.

Tena naogopa la mkwe. Kwetu mama mkwe hakai na mkwe wake wakatazamana, wala hali mbele yake. Huko nyumba ina meza moja. Nitageukia ukutani wiki zote hizo? Nilimuuliza Mama Tabu, rafiki yangu anayetuletea dagaa kutoka Ikola. Akasema, "Dada, wewe kula. Mzungu mwenyewe hajui kama anatakiwa akuogope." Halafu akaniuliza, mtu akienda kujisaidia huko juu kwenye ndege, inamwangukia nani? Tulicheka mpaka akakaa chini na ungo wake. Nilicheka sana siku ile. Nilikuwa bado sijakitazama vizuri kitabu cha picha.

Kile kitabu Yasinta alikituma pamoja na barua. Ziwa lina rangi kama maziwa yaliyotiwa buluu ya kufulia. Barabara inapita chini ya mlima mweupe. Kila picha kaichora alama kwa kalamu na kuandika pembeni, siku ya kwanza hapa, siku ya pili hapa, mpaka siku ya saba na moja. Nikafurahi, nikasema mwanangu kapanga kila kitu kama alivyokuwa anapanga vikombe. Juzi ndiyo nikasoma maneno madogo aliyoandika chini ya kila alama. "Hapa hatushuki garini." "Hapa pana benchi." "Hapa hatushuki." Siku ya saba na moja kaandika, "Hapa tutalala tu, mama."

Yasinta huyu alikuwa anatembea na ndoo kichwani kutoka kisimani bila kupumzika hata mara moja.

Basi nikairudia barua. Katikati ya habari za kondoo kaweka mstari mmoja, kwamba walimfanyia upasuaji mdogo kwenye ziwa la kushoto, nisiogope, na dawa zinamtoa nywele lakini zitaota. Niliposoma mara ya kwanza, akili yangu ilikuwa kwenye picha za maji. Nilisoma ziwa nikadhani anasema ziwa la maji. Kumbe anasema titi lake. Ndivyo nilivyo mimi, nasoma kidogo kidogo, neno moja linanipita na lilikuwa ndilo lenyewe.

Hakuna likizo. Mwanangu ananiita nikamwone.

Sasa la jina.

Mwenye kusoma daftari hili atashangaa tarehe yangu. Mimi nilipoolewa Burundi, kabla hatujakimbilia huku, nilifundishwa kwamba mwanamke hataji jina la baba wa mume wake, wala neno linalofanana nalo. Huko ni kumvua nguo mzee. Na ukilitaja, balaa halikupati wewe, linawaendea watoto wako. Baba mkwe wangu jina lake kwa Kirundi ni lile anapewa mtoto anayezaliwa baada ya wa saba. Kwa hiyo ile namba yenyewe sikuitaja tena. Nilipojifunza Kiswahili, mabukwe, yaani mama wa mume wangu, akasikia kwamba ya Kiswahili nayo inafanana, akaikataza pia. Nimehesabu hivyo miaka yote. Tano, sita, saba, saba na moja, tisa. Ile sikukuu ya wakulima ya Agosti naiita siku ya maonyesho. Sokoni wananijua. "Mama Saba-na-Moja, leo mafungu mangapi?" Nimezoea.

Yasinta alijifunza kuhesabu kwangu, akaenda nayo shuleni darasa la kwanza, darasa zima likamcheka. Alirudi analia. Lakini toka siku hiyo akawa ananisaidia. Tukiwa sokoni, namba ile ikifika namgusa bega, anaitaja yeye. Mtoto wa miaka saba ndiye alikuwa kinywa changu.

Na mimi nilimfanyia nini? Siku ya kumwandikisha shule, mume wangu Petro alikuwa shambani kwenye tumbaku. Mwalimu akataka majina matatu. La mtoto? Yasinta. La baba? Petro. La babu? Nikasema, "Siwezi." Mwalimu alikuwa mgeni huku, hakuinua hata macho. Akaandika. Sikujua. Nilikuwa sijaanza kisomo cha watu wazima, karatasi kwangu ilikuwa karatasi tu. Tulipogundua alikuwa darasa la saba, jina limeshaingia kwenye mtihani. Yasinta Petro Siwezi. Ndiyo jina la cheti cha uuguzi, ndiyo jina alilofungia ndoa. Petro alicheka siku nzima, akasema basi ukoo wetu umepata tawi jipya.

Petro kafariki mwaka juzi. Angekuwepo, angekwenda yeye mahakamani na ingekwisha kwa dakika moja.

Maana sasa wanaotengeneza hati yangu ya safari wamesema hivi: daftari la makazi lina Petro na jina la baba yake, na mtoto wake Yasinta. Huyu Yasinta Siwezi anayekualika ni nani kwako? Wanataka kiapo.

Asubuhi nikasimama mbele ya hakimu na Biblia mkononi. Karani anasoma, mimi narudia. Mimi Skolastika, mjane wa Petro. Nikarudia. Naapa kwamba Yasinta Petro Siwezi. Nikarudia. Ndiye Yasinta Petro, na hapo akalitaja jina la mzee, wazi kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi.

Nikaitazama Biblia.

"Rudia, mama," hakimu akasema.

"Ndiye Yasinta Petro."

"Petro nani?"

"Siwezi."

Karani akacheka. "Mheshimiwa, tumerudi pale pale." Watu kwenye benchi nao wakaangua kicheko, hata yule aliyeletwa kwa wizi wa baiskeli alicheka.

Hakimu hakucheka, na hilo ndilo liliniumiza. Nikamweleza mila yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikaomba niandike badala ya kusema. Akasema kiapo ni cha mdomo. Akasema, "Mama, mimi sikuiti mwongo. Lakini wapo watu wananunua njia za kwenda ng'ambo kwa majina ya watoto wa wenzao. Mama asiyetaja jina la mtoto wake, mimi nimwandike nini?" Halafu akasema nije kesho. Keshokutwa anasafiri, harudi mpaka wiki tatu zipite. Wiki tatu zikipita, ndege yangu imekwenda.

Kwenye lori nililia kimyakimya. Mwanaume mmoja aliyebeba kuku akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana, kwa sauti, kama nambishia.

Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa mabukwe. Anaishi nyumba ya pili kutoka hii yangu, macho yamefifia, masikio anayachagulia maneno. Alikuwa anapukuchua maharage. Nikapiga magoti nikamweleza yote, hata la titi. Hakuacha kupukuchua.

"Kwenda sijakukataza," akasema. "Nimekukataza neno."

"Bila neno sitaenda, mabukwe."

"Ukilitaja, na mtoto yuko hivyo alivyo, likamfuata huko. Utasema nani kamuua?"

Nikamwambia, "Na nisipolitaja akafa hajaniona?"

Hilo hakulisikia. Alisema tu mvua mwaka huu imewahi.

Nilikaa pale nikamsaidia kupukuchua, maana sikujua pa kwenda. Nimemchukia kidogo, naandika ukweli. Kisha nikakumbuka kwamba yeye kazika watoto sita, na labda kwa kila mmoja alikaa akijiuliza ni neno gani lilimponyoka. Nilipoinuka akanifungia maharage kwenye kipande cha kanga, yale mekundu ya kwetu. "Ya Yasinta," akasema. "Apande."

Yasinta kaandika nisibebe mbegu, wala dagaa, wala unga, uwanja wa ndege wanatupa vyote. Sikumwambia. Nimeyapokea kwa mikono miwili. Sijui kama alikuwa ananiruhusu. Nimelifikiria mpaka kichwa kinauma. Mtu anayesema usiende hakupi mzigo wa kupeleka. Au labda alinipa kwa sababu ni bibi na anampenda mjukuu, basi.

Nimekwenda nyuma kwenye mihogo, kwenye mvua, nikajaribu. Nilifungua kinywa. Ilitoka herufi ya kwanza tu, mm, kama ng'ombe. Nikaona haya mbele ya mihogo.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nimeangalia muhuri kwenye bahasha. Barua ile ilipostiwa wiki sita zilizopita. Mimi napanga safari, nawaza kitenge gani nivae kwenye ndege, nawaza meza ya mkwe, na huyo ninayemwendea ni Yasinta wa wiki sita zilizopita. Wa leo simjui. Labda amepona. Labda anakaa kwenye ile benchi ya kwenye picha kichwa kimefungwa kitambaa, yeye ambaye hakupenda vitambaa. Labda.

Kama balaa linakwenda kwa watoto, basi kwake limeshafika, na mimi nilikuwa nimefunga kinywa muda wote. Miaka ishirini na mitano nimejilinda ulimi na halikumkinga. Hili ndilo nililolipata kwenye lori, nikaliogopa, nikalirudisha. Sasa naliandika hapa lisinikimbie.

Bado naogopa. Akifa baada ya kesho, nitajua nitakachojisemea mpaka siku yangu. Lakini akifa akiwa anaulizia mama yangu yuko wapi, na mimi niko hapa na heshima yangu, hilo silibebi.

Petro, nisamehe. Mzee, nisamehe, wewe ulinipokea vizuri, ulinipa ng'ombe wa maziwa nilipojifungua. Mjukuu wako nilimpa jina la kukosa kuweza. Kesho nataka nimrudishie lake.

Lori linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nitakivaa kitenge hicho hicho na ubichi wake. Mkono haujawahi kuliandika, kwa hiyo naanza na mkono, kinywa kitafuata.

Yasinta, babu yako aliitwa Minani.

Mabukwe anakohoa nyumba ya pili. Mvua inaendelea. Nimekaa kidogo nikiusikiliza mwili wangu na sijasikia kitu.

Leo ni tarehe nane.