Kwa Mwalimu Engracia Taimanglo, Aliyetuuliza "Umejuaje?"

Ti, ti, tu. Kijiko kinagonga kikombe jikoni, gizani, kabla jogoo wa jirani hajaamka. Mwaka umezunguka, Mama, tangu sauti hiyo inyamaze katika nyumba yetu ya Inarajan, na bado kuna alfajiri tunazoamka tukiisubiri.

Ulifundisha somo la lugha katika shule ya kati, darasa la sita hadi la nane, mpaka nusu ya kijiji ikawa imepita mikononi mwako. Masharti yako yalijulikana kisiwa chote cha Guam. Nusu saa ya kusoma kila jioni, na mzazi atie sahihi. Insha ya kwanza kwa penseli, mbele yako. Na ukidai jambo, ulete ushahidi. Mtoto akiandika "babu yangu ni mkarimu," ulimtazama juu ya miwani, ukamuuliza taratibu, "Umejuaje?"

Sahihi za wazazi hukuziamini hata chembe. Siku moja baada ya misa ulimkamata Frank Naputi mlangoni mwa kanisa.

"Umetia sahihi kwamba mwanao kasoma. Haya, yule mbwa wa kwenye hadithi alipatwa na nini?"

"Maskini, Mwalimu, alikufa."

"Hadithi haina mbwa, Frank."

Tangu siku hiyo Frank alisoma pamoja na mwanawe, akawa anakuogopa kuliko padri.

Hata ulipostaafu, watoto waliendelea kuja na insha zao. Walikaa kwenye jiko la nje wakakusomea huku ukikuna nazi, mjukuu wako Tasi akiwa ubavuni pako. Mtoto akijaribu kuchomekea maneno mazuri ambayo hakuyaandika, ulimkatiza papo hapo. "Rudia. Hilo halimo kwenye karatasi yako." Hukukosea hata mara moja. Tulisema una macho ya paka.

Binti yako Remy naye hakusalimika. Aliacha shule akiwa na mimba ya Tasi, akaja kumaliza kwa masomo ya jioni, mtoto akiwa amelala mapajani. Siku alipoleta cheti, ulikipapasa kwa kidole kutoka pembe hadi pembe.

"Nisomee."

Akakusomea.

"Nisomee tena, nijue kama jina hawakulikosea."

Remy alicheka mpaka akatokwa na machozi. "Hata cheti chenye muhuri," alisema, "mama yangu anakitilia shaka."

Mama, shaka yako tumeirithi, lakini tumeirithi vibaya. Mwezi huu Tasi, ambaye sasa yuko darasa la saba, alipewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja kuhusu mtu anayemjua. Aliyempa ni Mwalimu Quenga, mwanafunzi wako wa zamani. Tasi akakuandika wewe, na sentensi yake ya kwanza, akikuita Nana kama bibi aitwavyo kwetu, ilikuwa hii: "Nana yangu alikuwa haoni."

Karatasi ilirudi bila alama. "Mwalimu Engracia alisahihisha insha za mwanangu mpaka wiki zake za mwisho," Mwalimu Quenga aliandika pembeni. "Andika upya, useme kweli. Mwisho Ijumaa, vinginevyo ni sifuri."

Nyumbani hali ikawa mbaya zaidi.

"Nani kakuandikia?" Remy aliuliza. "Ile mashine ya kwenye simu?"

Akaichukua simu ya mtoto, akaipekua. Hakukuta kitu, na kutokukuta kukamzidishia wasiwasi. Mwanao Tony, kaka yake Remy, akatia chumvi: "Mwacheni. Huyu tutampeleka kwenye siasa." Tasi alirudisha penseli zake kwenye kopo, akasema haandiki tena, wala hatasoma kwenye rozari ya kukuombea mwaka ukitimia.

Jumatano alfajiri Remy aliisikia. Ti, ti, tu. Nywele zikamsimama. Alikwenda jikoni akipapasa ukuta.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Namtengenezea Tata kahawa." Tata ndiye mumeo, Ben, babu yake Tasi.

"Gizani?"

"Nana alikuwa hawashi taa."

"Nana alikuwa anabana umeme."

Tasi akachukua kikombe kingine. Remy akavuta kiti, akaketi. Hapo ndipo lilipomjia swali lako, lile ambalo kati yetu sote hakuna aliyekuwa amemuuliza mtoto.

"Umejuaje, mwanangu?"

"Sikiliza." Tasi akamimina huku akigonga kikombe kwa kijiko. Ti, ti, kisha sauti ikazama, tu. "Kikisema hivyo kimejaa. Alinifundisha yeye. Na watoto wakisoma, mimi ndiye niliyekuwa naangalia karatasi. Wakisoma kisichoandikwa, namkanyaga Nana mguu."

"Mbona hakutuambia?"

"Alisema wakijua haoni, watamletea karatasi tupu. Na ninyi mtamkataza kukuna nazi."

Remy alikaa pale mpaka kahawa ya Tata ikapoa, akikiona kidole chako juu ya cheti chake.

Barua ya kumtetea mtoto hakuiandika. Ungesema sahihi ya mzazi si ushahidi. Alikwenda shuleni kwa miguu yake, akamwomba Mwalimu Quenga kitu kimoja tu: amuulize Tasi kama wewe ulivyokuwa ukimuuliza yeye alipokuwa mdogo.

Rozari yako ni Jumapili, hapa nyumbani. Wali mwekundu utakuwepo, na kahawa. Msomaji tunaye. Hakuna siku itakayopita bila kukutaja, Mama, na ukituuliza tumejuaje, ushahidi wetu ni hawa wanaokukumbuka: mumeo Ben, mwanao Tony, ambaye ameacha mzaha kwa wiki hii, binti yako Remy, Frank Naputi na mwanawe, watoto wote uliowaambia "rudia", na mjukuu wako Tasi, ambaye Ijumaa, Mwalimu Quenga alipomuuliza mbele ya darasa zima, "Umejuaje?", alisimama, akaikunja karatasi yake, akasema kwa sauti:

"Nilikuwa nakaa karibu naye, Mwalimu."