Ngoro Zangu Si Jangwa

Jumatatu, 15 Septemba

Toa miguu kwenye tuta langu, Tekla! Nimemwambia hivyo mbele ya vibarua na sijutii. Nageuza kahawa kichanjani, naona mjukuu wangu kasimika kamera katikati ya ngoro, mashimo yetu ya kulimia mteremkoni. Katoka Dar, anazunguka kupiga picha za majangwa. Hapa kwetu Litembo kuna jangwa? Hata shikamoo kaitoa jicho likiwa kwenye kamera.

Jumatano, 17 Septemba

Kanionyesha lenzi. Pana. Inainama kama shingo ya bata, tena inasogea pembeni kamera ikiwa palepale. Akiiinamisha, bonge la udongo miguuni na mlima wa mbali vyote vinaonekana safi. Nimechungulia. Pazuri, sikatai. Mashimo yamejipanga hadi juu, kila moja na kivuli chake, matuta yamelizunguka. "Bibi, kama jangwa kabisa!" Nikamwambia maharage tumeshang'oa, shamba linapumzika, mahindi yanasubiri mvua. Kaitikia "ndiyo, Bibi" bila kusikia.

Kateremka Mbamba Bay kupiga picha za mchanga wa ziwani. Vizuri. Mchanga uko huko.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa mwenyekiti wa kijiji kanionyesha simu. Picha ya Tekla, kaiweka mtandaoni: shamba langu! Chini imeandikwa: Jangwa la Umatengo. Nyumba haimo. Migomba haimo. Kahawa yangu, kijani palepale kando, haimo. Kumbe kusogeza kote kule ni kunifuta mimi.

Kamati ya mazingira ya kijiji inatafuta pa kupanda mikaratusi mvua zikianza. Sasa wanasema udongo wangu umekufa, wapande hapo. "Mama, picha haidanganyi," kasema mwenyekiti. Mtoto niliyembeba mgongoni huyu! Mikaratusi ininywee maji yote? Ngoro hizi marehemu mume wangu alifyeka na kulaza majani, mimi nikafukia, nikiwa na mimba ya mwanangu, baba yake Tekla. Umekufa! Wafe wao.

Jumanne, 23 Septemba

Nimekwenda ofisi ya kijiji. Nikawaambia, njooni mchimbe, mwone. Wakasema watakuja. Hadi jioni hawakuja. Karani kacheka, eti, "Bibi, wewe leta picha nyingine." Picha! Mdomo wangu si kitu. Mikono yangu si kitu. Maharage yangu waliyokula kwenye harusi zao yaliota jangwani?

Nimempigia Tekla. Nimemsema hadi salio likaisha.

Ijumaa, 26 Septemba

Tekla kaja na bodaboda. Safari hii shikamoo kapiga magoti. Kisha: "Nilipiga nilichokiona, Bibi." Ndicho kinachoniudhi. Uliona, hukuuliza. Picha kaifuta, lakini iliyoko kwenye simu ya mwenyekiti haifutiki.

Kafagia uwanja bila kutumwa. Kaleta usipa, dagaa wa ziwani, tumekula na ugali. Anapangusa lenzi kwa kitambaa laini, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Sijamsamehe. Ila nina haja naye, na hilo linauma kuliko yote.

Kamati inakaa Jumatatu. Kesho asubuhi nafunua tuta moja, majani yaliyooza yaonekane, meusi, na unyevu wake. Tekla, ulale kifudifudi shimoni uinamishe hilo lenzi lako. Nyumba iwemo. Kahawa iwemo. Na mimi niwemo, nimeshika jembe.