Picha Iliyozuia Jina Lako

Mama,

Veronika bado hajapewa jina lako. Ni miezi mitatu sasa, na mimi ndiye niliyezuia. Kesho napanda lori la kijiji kwenda Matombo kulisema hilo mbele ya ukoo, lakini nimetaka wewe ulisikie kwanza. Angalau mara hii mimi nitangulie kukwambia jambo, si mdogo wangu.

Maana wewe kila kitu ulianza kumwambia yeye. Mkojo ulipotoka mwekundu ulimwambia Veronika, mkasema ni kichocho, mkachemsha mizizi. Uvimbe ulipoanza kushikika ubavuni, ni mkono wake uliouweka pale. Mimi nilikuwa bwenini Kilakala, nusu siku tu kwa lori, nikichora figo kwa penseli ya rangi. Mchoro ule ulinipatia alama za juu, Mama. Baadaye nilipouliza kwa nini sikuambiwa, Veronika alijibu, "Mama alisema, mwacheni, anasoma."

Mwacheni, anasoma. Ulisema hivyo hata wakati wa kumenya ndizi. Nilikaa barazani na kitabu nikiwasikia mnacheka jikoni. Mpaka leo sijui mlikuwa mnacheka nini.

Siku moja tu ulikuwa wangu. Ulipoletwa Dar es Salaam kutolewa figo, nilikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari, nikawa mkalimani wako. Daktari Mzungu aliomba kipande cha ule uvimbe kiwekwe kwenye barafu, kipelekwe Ulaya kwa ndege, kwa wenzake wanaojaribu kuotesha chembehai za saratani ya figo ndani ya chupa. Ulicheka. "Mwambie auchukue wote, asinirudishie." Ukaweka dole gumba. Veronika siku hiyo alikuwa Matombo na kuku, nami nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Kisha ulirudi nyumbani ukafia mapajani mwake.

Barua kutoka Ulaya ilifika mwaka uliofuata. Daktari aliniita akanieleza kwamba vipande vingi hufa siku chache tu, lakini chako kilishika chini ya chupa, kikaanza kugawanyika. Wanakilisha maji ya rangi ya waridi, chupa ikijaa wanahamishia nyingine. Wamekiita kwa herufi mbili na namba. Akanipa picha: vidoadoa vya kijivu vimebanana kama mayai ya chura. Nilimwonea wivu hata huyo mtu nisiyemjua anayebadilisha yale maji asubuhi.

Ukoo ulipokutana kumaliza msiba, nilijua jina lako litakuwa langu, na wote wataniita mama badala yako. Mimi ndiye mkubwa. Mjomba Kolumba akasema ni Veronika. Yule mtani wetu mzee, Bi Mwanahawa, akapiga vigelegele: "Mpeni huyo huyo! Yule mwingine mkimpa jina atalifungia kabatini na vitabu vyake!" Watu wakavunjika mbavu. Veronika alikuwa ameshafunikwa kanga yako kichwani.

Nikatoa picha.

"Mjomba, Mama hajaisha. Kipande chake kingali hai Ulaya. Kinakua."

Mjomba aliweka kibuyu chini. Aliitazama ile picha muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena. "Jina la mtu ambaye hajamaliza kufa halirithiwi," akasema. Watu wakaondoka, pombe ikabaki. Veronika aliivua kanga mwenyewe, akaikunja, akaniuliza jambo moja tu:

"Dada, anaumwa huko?"

Nikairudisha picha mkobani. Tangu siku ile ameniandikia barua mbili. Katika zote anauliza kama huko Ulaya wanakufunika, maana amesikia kuna baridi.

Mama, nilijua. Pale pale nilipoitoa picha nilijua. Kinachokua kwenye zile chupa si wewe. Ni ule ugonjwa uliokula figo yako, haujui kucheka, haumjui Veronika wala mimi. Nilimpa muuaji wako jina lako mbele ya ukoo mzima, ili tu mdogo wangu asikupate. Daktari anasema huenda siku moja ugonjwa huo utawafundisha namna ya kutibu wengine. Ukae huko ufundishe. Una herufi zake mbili na namba, zinautosha.

Kesho nitamwambia Mjomba hivyo hivyo, na Bi Mwanahawa anitanie mpaka achoke. Nitamwambia Veronika kwamba huumwi popote. Akishafunikwa kanga, nitakuwa wa kwanza kupiga goti. Nimemzidi miaka mitatu, lakini nitamwambia, "Shikamoo, Mama."

Wivu haujaisha, sitakudanganya. Lakini nikitoka kupiga goti nitaingia jikoni nikamenye ndizi. Na huyo mama yangu mpya akisema, "Mwacheni, anasoma," sitatoka.

Lala sasa, Mama. Hakuna kipande chako kilichobaki njiani.

Mwanao,
Tekla