Sufuria za Matanga

Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Nimekaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, tangu alfajiri. Ndizi mbivu zipo, unga wa muhogo upo, mafuta ni ya kubembeleza. Nimetumia yale ya Ijumaa, yameshakuwa meusi. Wateja wamekula hivyo hivyo. Mtaani Kamwokya siku hizi hakuna anayeuliza mafuta ni ya lini.

Mgongo unauma. Kuni zote zimelowa kwa sababu Baba Esta alisahau kuzifunika. Mume wangu anaweza kufungua injini ya lori akiwa amefumba macho, lakini kufunika kuni kumemshinda.

Ssalongo wa nyumba ya tatu hajarudi tangu Alhamisi. Watu wa usalama walimtia ndani ya buti la gari mchana kweupe, pale stendi ya teksi, watu wanatazama. Karani mpole, baba wa mapacha, ndiyo maana akaitwa Ssalongo. Mtaa mzima unasema amesafiri. Na mimi nimesema hivyo leo sokoni, tena mara mbili.

Jumatano, 8 Oktoba

Usingizi hakuna. Gari likipunguza mwendo njiani, naketi kitandani mpaka lipite. Baba Esta anajifanya amelala. Namjua akilala kweli, hukoroma.

Naomba. Ombi ni lile lile: Bwana, niondolee hofu. Nikisema amina naikuta imekaa pale pale, haijasogeza hata kiti. Nimechoka kuomba jambo moja kama mtoto anayedai sukari katika nyumba isiyo na sukari.

Sisi ni Wakenya hapa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mume wangu anatengeneza magari kule Kisenyi, mengine ni ya watu wale wale wa usalama. Nashukuru Esta yuko kwa bibi yake Maragoli.

Tunaongea kwa kunong'ona. Ukuta wetu na wa Mama Halima ni mmoja, na mumewe ni askari jeshi. Ni mwanamke mkimya, Mwislamu kutoka kaskazini, mrefu kama mlingoti. Mwaka wa pili sasa tunasalimiana tu. Nina hakika anasikiliza. Nikikohoa nafikiri ameandika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ssalongo amekufa.

Mkewe, Nalongo, ana shemeji aliyekwenda kumtafuta msituni, huko wanakotupwa watu. Alimwona. Alimjua kwa shati, maana Nalongo mwenyewe ndiye aliyelishona. Hakuweza kumbeba peke yake. Aliporudi na mkokoteni hakukuta kitu.

Basi hakuna maiti, hakuna kaburi. Moto haujawashwa uani kwao wala hakuna aliyekwenda kukaa na mfiwa. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hapa mfiwa ndiye wa kwanza kuzibwa mdomo. Akilia, amesema mumewe kafa. Akisema kafa, watamuuliza nani kamuua.

Nimepita mbele ya mlango wake nikienda kuchota maji. Nimetazama chini. Najichukia.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani mchungaji ameombea wasafiri. Ametaja Ssalongo katikati ya watu waliokwenda Masaka kwenye harusi. Waumini wote tumesema amina, na hakuna aliyeinua uso.

Baada ya ibada Nalongo amekuja kwangu na mapacha wake. Hakukaa. Amesema, "Mama Esta, nataka sufuria. Mimi nachoka kusema yeye nasafiri."

Sufuria za matanga za kanisa zinakaa kwangu, kubwa mbili na ndogo moja ya chai. Mimi ndiye mwekaji, tena nimekuwa nikijivunia kazi hiyo. Mtaa wote unazijua. Zikitoka mlangoni kwangu watu hawaulizi kama kuna msiba, wanauliza ni kwa nani. Ndiyo maana hakutaka sufuria ya kupikia. Anazo za kwake. Alitaka ile ambayo watu wakiiona ikipita watajua kwamba Ssalongo ana wa kumlilia.

Nimemwambia kubwa zote mbili zimetoboka.

Zilikuwa nyuma yangu, zimefunikwa shuka. Amezitazama, akanitazama, akasema asante. Asante ya nini? Bora angenizaba kofi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemweleza Baba Esta. Ameacha kula. Kisha akatoa methali yake anayoipenda: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimemuuliza amesikia kicheko cha nani hapa mtaani. Tangu tuanze kuwa waoga wazuri hivi, nani kacheka?

Amekasirika. Amesema mimi nitapeleka sufuria, ila atakayeingia kwenye buti ni yeye, maana ndiye mwanamume. Amesema tufunge mizigo, tupande basi turudi kwetu kabla hatujasafiri ile safari nyingine. Anasema kweli. Sote wawili tumelala tumegeukia kuta.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mafuta hakuna. Sikukaanga. Mvua tangu asubuhi.

Nimekaa nazitazama sufuria. Nimezipeleka kwa watu wangapi, sikumbuki. Kwa walevi, kwa wachanga, hata kwa yule mwanamke aliyenitukana sokoni. Sijawahi kuuliza kama nina nguvu. Nilikuwa nazibeba tu.

Sasa nangoja hofu iondoke kwanza ndipo nimtii Mungu. Isipoondoka je? Nitamwambia nini siku ya mwisho, kwamba nilikuwa bado naomba?

Leo nimebadilisha ombi. Nimesema: Bwana, hofu niachie ukipenda. Nipe shingo ya kubebea. Nimelia, si kwa utakatifu, kwa uchovu tu. Halafu nimelala mchana kama mtu aliyekunywa dawa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimekwenda kwa Nalongo. Nimebisha hodi kwa sauti, makusudi. Nimemwambia sufuria hazijatoboka, nilidanganya.

"Najua," amesema. "Mimi nilikuwa na wewe uongo moja. Kila mtu nasema yeye nasafiri, mimi nasema ndiyo."

Tumekubaliana kesho, mchana. Si kwa kujificha.

Nimemwambia Baba Esta. Amechukua taa akatoka kwenda kufunika kuni, nazo zimeshalowa zote.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mikono bado inanuka moshi. Nitaandika yote kabla sijasahau.

Baba Esta aliondoka mapema bila kuaga. Nilidhani ndiyo basi, kapanda basi peke yake. Nilijitwisha sufuria kubwa. Niliogopa kuidondosha ile ya kanisa kuliko nilivyoogopa kufa. Ujinga ulioje. Nilipita njia kubwa, si ya uchochoroni. Mwenye duka alifunga dirisha. Wanawake waliokuwa wanafua waliacha kufua. Mmoja alijishika mdomo, akaweka nguo chini.

Njia nzima sikuhisi ujasiri wowote. Nilihisi uzito wa sufuria na jasho. Nilikuwa nasema, uko hapa Bwana, uko hapa, kama mtu anayemwita mwenzake gizani.

Nikaiweka juu ya mafiga uani kwa Nalongo. Ilipogusa jiwe ikalia, na Nalongo akapiga ukelele. Sijasikia kilio kama kile. Siku zote zile alikuwa amekiweka wapi? Mapacha wakalia, nami nikalia, watu watatu na mimi, uani hakuna mwingine.

Moto ukakataa. Kuni zile zile zilizolowa. Nilikuwa napuliza, macho yamejaa moshi, nikaona miguu mirefu mbele yangu. Mama Halima. Alikuwa na mzigo wa kuni kichwani.

"Mama Esta, kuni yako bado bichi," alisema. "Moshi itaua watu."

Akaondoa zangu, akapanga zake, moto ukawaka. Akaketi kumenya matoke kama mtu wa nyumbani. Mwaka wa pili huu ninamwogopa, na alikuwa na kuni kavu.

Baadaye akaja yule mwanamke wa kufua. Wakaja wawili wa kanisani. Kisha nikamwona Baba Esta kwa mbali, bado ana grisi mpaka kwenye viwiko, amebeba sufuria ya pili kichwani, na watoto wanamcheka. Aliishusha. "Moja haitatosha," akasema, akaenda kukaa na wanaume. Wanaume wenyewe walikuwa ni yule shemeji tu.

Saa saba gari lilisimama. Wakashuka watatu, wamevaa mashati ya maua na miwani ya jua. Kila mtu alitazama chini.

"Nani nakufa hapa?" mmoja akauliza.

Yule mtu alikuwa ananitazama mimi kwa sababu nilikuwa nimeshika mwiko. Nilisema, "Ssalongo." Nikataja na jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Sauti ilitoka nyembamba, ya kuku, lakini ilitoka.

"Nani naita watu?"

"Mimi. Sufuria ni za kanisa, na mimi ndiye mwekaji."

Mama Halima alisimama. Aliwaambia maneno kwa lugha ya kwao, polepole, bila kuinua sauti. Akatandika jani la mgomba, akaniashiria nipakue. Nilipakua. Mchuzi ukamwagika kwenye kiatu cha mmoja wao. Akatazama kiatu. Akala. Alikula amesimama, akamaliza, wakaingia garini wakaenda zao.

Sijui kwa nini waliondoka. Mama Halima nimemuuliza aliwaambia nini. Amesema aliwaambia wafiwa hawajala. Nafikiri kulikuwa na zaidi, lakini sikumsumbua.

Mchungaji alifika jioni, amechelewa, kola mfukoni. Akaitoa, akaivaa mbele ya watu wote, akasoma maombi ya maziko kutoka mwanzo hadi mwisho. Shati la pili ambalo Nalongo alikuwa hajamaliza kumshonea mumewe tulilizika nyuma ya nyumba, mahali pa mwili. Hakuna aliyeombea wasafiri.

Jumapili, 19 Oktoba

Mwili wote unauma. Nimesugua sufuria kwa majivu maana sabuni imekuwa dhahabu. Masizi hayajatoka yote.

Jana gari lilipita baada ya chakula cha jioni, likapunguza mwendo. Nikaketi kitandani kama kawaida. Hofu haijaondoka. Nilingoja gari lipite, nikageuka upande, nikalala. Baba Esta alikuwa anakoroma tayari.

Jumatano, 12 Novemba

Kabalagala chache. Mafuta mapya, ya magendo, Mungu anisamehe.

Mume wa Mama Halima hajarudi kutoka kambini tangu juzi. Inasemekana wamechukuliwa askari wengi wa kabila lake. Asubuhi nilimsikia kupitia ukuta akimwambia mtu mlangoni kwamba mumewe amesafiri.

Mchana hakutoka. Watu wakapita mbele ya mlango wake wakitazama chini.

Sikungoja aje kuomba. Kubwa nimeziacha, maana hakuna habari yoyote, na mimi si wa kumzika mtu aliye hai. Nimechukua ile ndogo ya chai. Nimeijaza maji, nimeipitisha njia kubwa, ingawa mlango wake uko hatua chache tu nikipita nyuma. Nimebisha hodi. Nimebisha tena, nikasema ni mimi, Mama Esta, jirani yako.

Amefungua kidogo, ameona sufuria, amefungua kabisa.

Tumeweka chai. Sukari hakuna. Tumekaa mpaka ikapoa. Kuni zake zilikuwa kavu.